Miguu Inasemaje

Wodi ya waliotoka kupasuliwa ilikuwa na vitanda kumi na sita, na kila asubuhi saa moja kamili msimamizi wake alivipitia vyote, kuanzia dirishani hadi mlangoni. Hakuanza na faili. Hakuanza na kipimo cha presha wala kipimajoto. Alifunua shuka upande wa miguuni, akaweka vidole vinne chini ya unyayo na dole gumba juu yake, akatulia kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Kisha alifunika, akamsalimia mgonjwa, akaendelea na kitanda kilichofuata. Faili alilisoma baadaye, mara nyingi ili kuhakikisha tu alichokwisha kukijua. Ndiyo maana wauguzi walimwita Mama Miguu. Walianza kwa kumteta, baadaye wakamwita hivyo mbele yake, naye hakulikataa jina hilo. Aliona lina heshima kuliko lilivyosikika.

Damu inapovuja ndani baada ya upasuaji, mwili huwa bahili. Hupunguza ya mbali, ya mikononi na miguuni, ili ya moyo na ubongo isipungue. Kwa muda namba za presha zinaweza kuonekana safi huku nyayo zikipoa. Hayo yamo vitabuni, na kila mwanafunzi wa uuguzi huyaandika kwenye mtihani. Mama Miguu hakuyapata kitabuni. Aliyapata kwa mama yake mzazi, aliyekuwa muuguzi enzi ambazo wodi nzima ilikuwa na kipimajoto kimoja, nacho kilifungiwa kabatini.

Jina lake lilikolea miaka kumi na minane iliyopita. Daktari mpasuaji, ambaye wakati huo ndiyo kwanza ametoka masomoni, alimwambia kwamba mgonjwa wa kitanda cha nne ana namba nzuri zote. Yeye akajibu kwamba namba ni nzuri ila mgonjwa si mzuri, na kwamba hatakabidhi zamu mpaka arudishwe chumba cha upasuaji. Daktari alikasirika, akamrudisha ili amwaibishe, akakuta damu imejaa tumboni. Tangu siku hiyo, daktari huyo akipigiwa simu kutoka wodini, hata leo nywele zikiwa zimeingia mvi, swali lake la kwanza lilikuwa lile lile: "Miguu inasemaje?"

Aliamua mambo kama mtu anayepiga chafya. Huyu apelekwe, huyu asubiri, huyu mwiteni daktari, yule mpeni maji. Ukimuuliza kwa nini, alikutazama kana kwamba umemuuliza kwa nini anapumua. Wanafunzi walimwogopa, madaktari vijana walimtafuta, na kwa miaka mingi hakuna aliyeona haja ya kujua uamuzi wake ulitoka wapi, maadamu ulikuwa sahihi.

Katika wodi hiyo hiyo alikuwapo muuguzi mwenye umri wa miaka thelathini na mitano aliyeitwa Bi Karatasi. Huyu hakuamua chochote kabla ya kukisoma mara tatu. Alihesabu mapigo ya moyo dakika nzima, siyo nusu dakika halafu mara mbili. Akiona jambo lisilomkaa sawa, alimuuliza wa kwanza, akamuuliza wa pili, akarudi kwa wa kwanza. Wenzake walisema Bi Karatasi akiungua moto atauliza kwanza kama huo ni moto. Mama Miguu naye hakubaki nyuma. Siku moja mbele ya wodi nzima alisema mgonjwa wa Bi Karatasi hufa kwa kusubiri sahihi. Watu walicheka. Bi Karatasi alitabasamu akaendelea kuandika.

Sasa, Bi Karatasi alikuwa mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, fundi umeme aliyefanya kazi mbali na kurudi mara moja kwa mwezi. Waliishi nyumba moja. Walitoka pamoja asubuhi, wakatembea njia moja. Lakini siku ya kwanza alipopangiwa wodi ile, miaka sita iliyopita, mama mkwe alimsimamisha getini akamwambia, "Nje ya geti hili mimi ni mama yako. Ndani ya geti mimi sikujui." Na ikawa hivyo. Ndani waliitana Sista, walikula chakula cha mchana meza mbalimbali, na mkwe hakupewa zamu nyepesi hata alipokuwa mjamzito wa miezi saba.

Haukuwa ukatili. Marehemu mume wa Mama Miguu alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka thelathini, na nyumba ya mwalimu mkuu haikuwahi kubebwa na mtu. Mwanawe mwenyewe alipofeli mtihani wa darasa la saba, alirudia darasa katika shule ya baba yake, watu wote wakitazama. Watu waliizungumzia habari hiyo mpaka siku ya mazishi, tena kwa sifa. Mjane wake aliliweka jina la mumewe kama nguo ya ndoa, halitolewi ovyo wala haliguswi na mikono michafu.

Mwalimu mkuu alifariki mwaka mmoja na nusu uliopita, asubuhi, katika wodi nyingine ya hospitali hiyo hiyo. Mkewe alipofika alifunua shuka upande wa miguuni, kwa mazoea. Akafunika. Akaenda kuandika jina lake mahali pa kusaini. Watu walisifu alivyojikaza, na yeye aliwaacha wasifu, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kukaza. Aliwatazama waliolia kama unavyotazama watu kupitia kioo cha dirisha. Baada ya siku kumi alirudi kazini, akapitia vitanda kumi na sita.

Miezi saba baadaye, Jumapili mchana, alikuwa anapiga pasi sare yake. Alisikia harufu ya kitu kinachoungua akadhani ni kola. Vilikuwa vidole vyake vya mkono wa kushoto, vimegusa bamba la pasi. Alivitazama. Ngozi ilikuwa imeanza kupanda, na hakuna kilichomuuma. Aliizima pasi, akaenda jikoni, akagusa sufuria iliyokuwa mekoni kwa mkono wa kulia. Akaigusa tena. Mkwe wake aliingia akamkuta amesimama amekamata sufuria, akasema mama utaungua, naye akaiachia.

Muuguzi aliyefanya kazi miaka thelathini na minne hahitaji kuambiwa ganzi ya vidole huletwa na nini. Aliyajua magonjwa yote kwa mpangilio, na alijua kila moja linapimwaje, na maabara ilikuwa ng'ambo ya ukumbi. Hakwenda. Jumatatu alifunga bandeji ndogo, akasema alijikata na kisu, akaenda dirishani kwenye kitanda cha kwanza, akaweka vidole vinne chini na dole gumba juu. Hakusikia chochote. Alitazama uso wa mgonjwa, rangi ya midomo, namna kifua kinavyopanda, namna mtu anavyoitika salamu. Akasema, "Miguu iko vizuri." Ilikuwa vizuri.

Akaendelea hivyo miezi kumi na mmoja.

Cha ajabu ni kwamba hakukosea. Alirudisha wagonjwa wawili chumba cha upasuaji na wote wawili walistahili. Wengine aliwaacha na wakapona. Nyakati fulani alijiuliza kama vidole viliwahi kuwa na kazi yoyote, au muda wote yalikuwa macho na masikio na miaka, vidole vikila sifa ya bure. Nyakati nyingine aliona ni bahati tu, na bahati huwa na mwisho. Mawazo hayo yalikuja na kuondoka bila kumgusa sana. Alikuwa amebakiza miaka miwili na miezi minne astaafu. Alichokijua kwa hakika ni kimoja: siku atakayosema vidole havisikii, hatakuwa tena Mama Miguu, na ile wodi itakuwa ya mtu mwingine. Na siku asiposema, huenda mtu asiamke.

Ndipo akaja mwalimu wa chuo cha uuguzi, kijana mwenye miwani na faili la plastiki, amepewa ruhusa na matroni kufanya utafiti. Aliwakusanya wauguzi chumba cha chai akawaeleza. Alitaka kujua namna muuguzi anavyokata shauri, na kama namna hiyo inaendana na umahiri wake kazini. Alisema yupo anayepima kila upande kabla ya kusema, yupo anayefuata moyo wake, yupo asiyesogea bila kumuuliza mwenzake, yupo anayesogeza mbele hadi jambo lijiamulie lenyewe, na yupo anayeruka tu ili liishe. Muuguzi mmoja akauliza anayemwachia daktari aamue yumo kundi gani. Akajibiwa la tatu. Akauliza tena, na daktari anayetuachia sisi? Mwalimu wa chuo akasema bado hajamtengenezea fomu, na chumba kikacheka.

Bi Karatasi alinyoosha mkono akauliza kama swali la nne linamaanisha mgonjwa mmoja au wodi nzima, maana jibu lake si moja. Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mwalimu wa chuo hakucheka, aliliandika swali hilo.

Mama Miguu alijaza yake kwa dakika nne. Mahali palipoandikwa "Naamini ninachokihisi hata bila ushahidi" alitia alama ya juu kabisa. Kisha, akiwa msimamizi, alipewa fomu ya pili, ya kuwapima umahiri wauguzi walio chini yake, kuanzia moja hadi tano. Alipofika kwa Bi Karatasi aliandika nne kwenye usafi, tano kwenye kumbukumbu, na mbili kwenye kufanya uamuzi kwa wakati. Mbili hiyo ilikuwa na sababu mbili. Moja, ndivyo alivyoamini. Nyingine, hakutaka mtu yeyote aseme amembeba mke wa mwanawe. Chini palikuwa na nafasi ya kueleza uhusiano wa anayepima na anayepimwa. Aliandika: msimamizi wa kazi.

Wiki iliyofuata mwalimu wa chuo alianza kuwafuata wauguzi kitandani. Siku ya Jumanne alisimama nyuma ya Mama Miguu tangu dirishani, saa mkononi, akiandika. Kitanda cha tisa alilala fundi baiskeli aliyepasuliwa jana yake baada ya usukani kumpiga tumboni. Alikuwa mtu wa maneno. Shuka lilipofunuliwa alisema, "Hiyo imekanyaga pedali tangu utotoni, Sista, usiiogope." Mama Miguu aliweka vidole. Alimtazama usoni. Uso ulikuwa na uhai, mdomo una utani, macho yanafuata watu. Akasema miguu iko vizuri, akafunika. Mwalimu wa chuo aliandika: sekunde nane.

Baada ya nusu saa Bi Karatasi alifika kitanda hicho na vifaa vyake. Alipima presha, akapima tena. Alihesabu mapigo dakika nzima, akarudi nyuma kwenye chati, akahesabu tena. Kisha alifunua shuka upande wa miguuni. Akakaa hapo muda. Akafunika vizuri, akachukua faili, akaja hadi mezani ambako msimamizi alikuwa ameketi na mgeni wake.

"Sista, kitanda cha tisa. Naomba ukamshike tena miguu."

"Nimeshamshika."

"Najua, Sista. Naomba tena."

Wauguzi wawili waliokuwa wanapanga dawa waligeuka. Mama Miguu alimuuliza karatasi imemwambia nini leo, na mmoja wao akaguna kwa kicheko.

"Imeniambia mapigo themanini na nane, tisini na sita, mia na nane," alisema Bi Karatasi, sauti yake ile ile ya siku zote. "Presha haijashuka. Mimi nimeona miguu ni ya baridi, lakini mimi si mtu wa miguu. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Kulikuwa na njia nyingi za kulimaliza. Maumivu hupandisha mapigo. Angeweza kusema apewe dawa ya maumivu, aangaliwe baada ya nusu saa, na hakuna kitabu ambacho kingemlaumu. Angeweza kumwambia mkwe wake ampigie daktari mwenyewe, lakini alijua mwisho wake: daktari angeuliza miguu inasemaje, angejibiwa msimamizi amesema iko vizuri, na angeendelea na kazi aliyokuwa nayo. Kwa miaka kumi na minane walikuwa wamemfundisha daktari kuamini mkono mmoja. Mkono wenyewe sasa ulikuwa juu ya meza, karibu na kikombe cha chai, na hakujua kama kikombe kina moto.

Alinyanyuka akaenda. Mwalimu wa chuo alimfuata kwa sababu ndiyo kazi iliyomleta.

Alifunua. Akaweka vidole vinne chini, dole gumba juu. Ilikuwa kama kushika mguu wa meza. Alibonyeza zaidi. Aliuona unyayo ukibonyea, kwa macho, na alisubiri, na wote walisubiri pamoja naye, mgonjwa pia, ambaye sasa alikuwa kimya. Huo ukimya wake ulimfanya amtazame tena. Midomo yake ilikuwa bado na rangi. Utani ndio uliokuwa umekwisha.

Basi alivua miwani akaiweka mfukoni. Akashika ukingo wa kitanda kwa mkono mmoja, akainama, mwanamke wa miaka hamsini na minane mwenye sare iliyopigwa pasi na marehemu mume ambaye watu walisimama akipita, akaweka shavu lake kwenye unyayo wa fundi baiskeli.

"Sista, sijanawa," fundi alinong'ona.

Shavu lilisikia. Kwanza likasikia magaga, kisha unyevu, kisha baridi, ile ya kitambaa kilicholowana kikaachwa dirishani. Kilikuwa kitu cha kwanza kukisikia kwa siku nyingi. Alikaa hapo kwa muda wa pumzi tatu, asije akakosea tena. Akahamia mguu wa pili. Huo nao ulikuwa hivyo hivyo.

Aliponyooka, wodi yote ilikuwa inamtazama. Alivaa miwani, akaenda kwenye simu ya ukutani, akapiga mwenyewe.

Daktari aliuliza alichouliza siku zote.

"Inasema vibaya," alisema Mama Miguu. "Na asubuhi nilisema iko vizuri, nilikosea. Vidole vyangu havisikii, daktari. Huu ni mwezi wa kumi na moja. Aliyegundua ni muuguzi mwenzangu, ana namba zote hapa. Msikilize yeye." Akampa Bi Karatasi simu.

Bi Karatasi alisoma namba kwa mpangilio, pamoja na saa za kila moja. Daktari alimuuliza jambo, akajibu hana uhakika, kisha akasema, "Lakini ningekuwa mimi ningemrudisha sasa hivi." Hilo la pili hakulisoma popote.

Fundi alirudishwa chumba cha upasuaji kabla ya saa nne. Mshipa mdogo ulikuwa umeachia, damu imeshaanza kujaa. Alipona. Siku ya tatu alikuwa anataka kujua ni nani amebaki na pampu yake, na alimweleza kila aliyekuja kumwona kwamba msimamizi wa wodi hii akikupenda anakubusu miguu.

Lakini asubuhi ile ya Jumanne, kitanda kikishatolewa na sakafu kubaki na alama za magurudumu, watu walikuwa bado wanamtazama Mama Miguu. Bi Karatasi alimkaribia akamshika kiwiko. "Mama, kaa kidogo," alisema. Ndani ya geti, kwa miaka sita, neno hilo halikuwahi kutamkwa.

"Sista," Mama Miguu alimsahihisha, bila ukali. "Bado kuna vitanda saba ambavyo hujavifikia. Njoo ushike wewe."

Walivimaliza vyote saba. Mwalimu wa chuo aliwafuata hadi mlangoni, kisha akauliza kwa adabu, akionyesha fomu yake, kwamba jambo lililotokea kitanda cha tisa aliandike sehemu ipi. Mama Miguu alimwambia aandike alichokiona.

Matroni alimwita mchana huo. Walikuwa wamesoma pamoja, kwa hiyo hakukuwa na kuzungushana. Alipelekwa maabara ng'ambo ya ukumbi, akaambiwa alichokuwa anakijua: sukari, na kwa kiwango kile ilikuwa imemla mishipa kwa miaka, tangu kabla ya msiba. Vidole huenda visirudi. Matroni alimuuliza kwa nini hakusema miezi yote hiyo, na yeye alifikiri sana, maana alitaka kutoa jibu la kweli.

"Nilikuwa bado sijakosea," alisema.

Matroni aliandika kwamba hatashika mgonjwa kwa uamuzi wa peke yake. Atapita vitandani na muuguzi mwingine mpaka likizo yake ianze, na baada ya hapo itaonekana. Mama Miguu alisaini. Alitafuta ndani yake aibu aliyoiogopa miezi kumi na mmoja, akakuta mahali ilipopaswa kuwa pamefagiliwa.

Jumamosi alasiri alikuja shemeji yake, mdogo wa marehemu, mtu wa tai hata siku za mapumziko. Habari ilikuwa imemfikia kupitia watu watatu, na kwa wa tatu msimamizi alikuwa amepiga magoti. Aliketi chini ya picha ya kaka yake, akasifu chai, akawaulizia wajukuu, kisha akafika alikokuwa anaelekea. Alisema si lazima jambo likae kama lilivyosemwa. Barua fupi kwa matroni ingetosha, kwamba siku ile alikuwa na homa, kwamba mikono ilikuwa imetoka kwenye maji baridi. Hakuna atakayeumia, kwani mgonjwa mwenyewe ni mzima. Kusema mwenyewe kwamba miezi kumi na mmoja umeshika watu bila kusikia, hilo ni la kumpa mtu kisu na kumwonyesha pa kuchoma.

"Mimi nalitazama jina la kaka, shemeji," alisema.

Mkwe alikuwa anaweka vikombe mezani. Chai ya mama mkwe aliiweka kando, haina sukari. Hakuinua macho.

"Kaka yako alimrudisha mwanawe darasa watu wakitazama," alisema Mama Miguu. "Ulikuwepo. Ulimwambia aseme mtoto alikuwa mgonjwa siku ya mtihani. Alikujibu nini?"

Shemeji alikoroga chai yake muda mrefu. Alisema alikumbuka. Baada ya hapo walizungumza habari za paa lililokuwa linavuja, na alipoondoka alimpa mkono mkwe wa nyumba hiyo kwanza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Jioni, kabla giza halijaingia, Mama Miguu alikunja nguo zilizokauka. Alitambua kipi ni kitambaa gani kwa kukitazama. Aliiona ile mbili. Iliingia kichwani mwake yenyewe, mbili ya kufanya uamuzi kwa wakati, kwa mwandiko wake safi, na chini yake yale maneno matatu.

Siku ya Alhamisi mwalimu wa chuo alikuja kufunga kazi yake. Mama Miguu alimwomba fomu aliyompimia Bi Karatasi. Kijana aliitoa, lakini akaweka kiganja juu yake. Alieleza kwa upole kwamba namba haziwezi kubadilishwa. Zilitolewa kabla ya tukio, na kila mtu akizirekebisha baada ya tukio, huo hautakuwa utafiti tena, utakuwa masimulizi. Mama Miguu aliona amesema sawa, na akampenda kwa kulisema mbele ya mtu wa umri wake.

"Namba ziache," alisema. "Lakini hapa chini niliandika uongo."

Alichukua kalamu. Baada ya maneno "msimamizi wa kazi" aliongeza: na mama mkwe wake.

Mwalimu wa chuo alisoma. Alivua miwani akaifuta, akasema kwa masikitiko kwamba hakujulishwa, na kwamba sasa fomu hiyo haifai. Mtu hawezi kumpima wa nyumbani kwake. Itabidi iondolewe, matroni ampime upya.

"Iondoe," alisema Mama Miguu.

Kijana aliuliza kama na ile ya msimamizi mwenyewe, ya namna anavyoamua, angependa iondolewe. Akasema hapana. Hiyo aliijaza akiiamini. Ibaki na wenzake, waone wenyewe ilipatana na nini.

Kesho yake walitoka nyumbani pamoja, wakatembea njia moja. Walipofika getini mkwe alibaki nyuma hatua mbili, kama kawaida. Mama mkwe alisimama akamsubiri, na mkwe, ambaye hakuwa na maandishi ya kumwongoza katika hilo, alisita, akamtazama, kisha akasogea. Waliingia sambamba.

Saa moja kamili walikuwa dirishani, kitanda cha kwanza. Bi Karatasi alifunua shuka. Mama Miguu alikuwa ameshika faili, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi aliisoma chati kabla ya kingine chochote, mstari kwa mstari, saa kwa saa. Mkwe wake aliweka vidole vinne chini na dole gumba juu. Akatulia. Mgonjwa akawatazama wote wawili. Dakika ilipita.

"Inasemaje?" aliuliza Mama Miguu.

"Bado, Sista. Sijahakikisha."

Zamani angesema neno, na wodi ingecheka. Alisubiri. Nje mtu alikuwa anafagia ukumbi, na maji yalikuwa yanatiririka kwenye beseni fulani. Mkono wake mwenyewe ulikuwa umeshika ukingo wa kitanda; aliuona umeshika.

"Ya joto," alisema Bi Karatasi. "Yote miwili."

Mama Miguu aliandika hivyo, na saa, na jina la aliyeshika. Vilibaki vitanda kumi na vitano.